George Wilberforce Kakoma: mtunzi wa wimbo wa taifa wa Uganda na shauri la hakimiliki yake

George Wilberforce Kakoma, aliyezaliwa tarehe 27 Julai 1923 na kufariki dunia tarehe 8 Aprili 2012, ndiye mtunzi wa wimbo wa taifa wa Uganda, maneno yake pamoja na lahani yake. Hakuna kazi ya muziki iliyoandikwa na mwana wa nchi hii inayoimbwa na watu wengi kuliko hiyo. Huimbwa shuleni, bungeni, katika viwanja vya michezo, na katika kila hafla ya dola tangu mwaka 1962. Jina la mtunzi, hata hivyo, halikusafiri pamoja na wimbo. Lilirudi katika magazeti ya Kampala mwaka 2008, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, kwa sababu ambayo wengi hawakuitarajia: Kakoma alikuwa ameishitaki Serikali akidai mirabaha ya wimbo aliolitungia taifa.

Ubeti mmoja wa wimbo huo huisha kwa takriban nusu dakika. Shauri lililozaliwa nao lilikaa mahakamani miaka 11, likamaliza uhai wa mlalamikaji na kurithiwa na warithi wake. Ili kuelewa kilichokuwa kikigombewa, hatuna budi kuanza na namna muziki wa kuandikwa ulivyoingia Kampala, kisha tutazame namna wimbo wa taifa ulivyopatikana katika miezi ya mwisho ya utawala wa Waingereza.

Shule ya vilima viwili

Muziki wa kuandikwa kwa nota uliletwa Uganda na wamishonari. Waanglikana walifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata mwaka 1879, na vilima vya Namirembe na Rubaga vikawa, miongoni mwa mambo mengine, vyuo vya kuimba. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kukumbuka kwamba baadhi ya maandiko ya kwanza ya Kikristo yaliyosomwa huko yalikuwa ya Kiswahili, kabla tafsiri za Kiganda hazijapatikana. Lugha hiyo ilikuwa imefika mapema zaidi pamoja na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani.

Waimbaji walifundishwa kusoma nota kwa do-re-mi na kuimba kwa sauti nne, soprano, alto, tenori na besi, kama ilivyokuwa katika parokia za Uingereza. Ulikuwa ujuzi mpya na ulipendwa. Lakini ulikuja na tatizo ambalo watunzi wote wa Buganda wa karne ya 20 walilazimika kulikabili. Kiganda ni lugha ya toni, na urefu wa irabu hubadili maana ya neno: okusima ni kuchimba, ilhali okusiima ni kushukuru au kupendezwa. Mwimbaji akilazimishwa kuvuta silabi iliyo fupi, au kupandisha sauti mahali ambapo neno lenyewe hushusha, maana huharibika au hugeuka kichekesho. Nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa moja kwa moja na kuvishwa lahani zake za awali zilijaa makosa ya aina hiyo, na waumini wakayazoea kwa sababu hawakuwa na nyingine.

Katika mazingira hayo kikaibuka kizazi cha watunzi waliojua kusoma nota za Ulaya na wakati huohuo walisikia kasoro zake kwa masikio ya nyumbani. Mchungaji Polycarp Kakooza alitunga wimbo wa ufalme wa Buganda, Ekitiibwa kya Buganda, mwaka 1939. Joseph Kyagambiddwa, aliyetoka upande wa Wakatoliki, alichapisha jijini New York mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa Kiafrika kutoka chanzo cha Mto Nile. Baadaye alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya tukio la Papa Paulo wa Sita kuwatangaza Mashahidi 22 kuwa watakatifu, jijini Roma, mwezi Oktoba 1964. Kyagambiddwa aliandika kwa Kiganda na aliifanya lahani ifuate lugha. Solomon Mbabi-Katana, mzaliwa wa Bunyoro, aliingia njia ya ualimu na kuandika vitabu vya muziki wa Afrika Mashariki kwa ajili ya shule. Jumba la Makumbusho la Uganda, chini ya uangalizi wa Klaus Wachsmann kati ya 1948 na 1957, lilikusanya ala na rekodi za makabila mbalimbali, na mwanamuziki wa ikulu Evaristo Muyinda akawa anawapigia wageni ala hizo badala ya kuziacha zikae kimya kabatini.

Kakoma ni mtu wa kizazi hicho. Alipata mafunzo ya muziki Uingereza, katika Trinity College of Music ya London na Chuo Kikuu cha Durham, akarejea nyumbani kuwa mwalimu, na Masaka ni miongoni mwa mahali alipofundisha. Hakuwa mwanamuziki wa jukwaa wala wa redio. Alikuwa mwalimu wa muziki, kazi ambayo katika Afrika Mashariki ya wakati ule ilimaanisha kwaya, piano ya shule, mashindano ya nyimbo na maandalizi ya mitihani. Hulka ya wimbo alioliachia taifa inaeleweka vizuri zaidi mtu akilikumbuka hilo.

Taifa linatafuta wimbo

Uganda ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, alama za taifa zilipaswa kupatikana kwa haraka. Bendera ilibuniwa na Grace Ibingira, aliyekuwa Waziri wa Sheria. Mnara wa Uhuru uliosimama katikati ya Kampala ulichongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere. Kwa upande wa wimbo, kamati ndogo iliundwa chini ya William Senteza Kajubi, msomi wa elimu ambaye baadaye angekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Kamati iliwaalika wananchi kuleta tungo. Masharti yalikuwa machache lakini mazito: wimbo uwe mfupi, uwe wa asili na si wa kuazima, uwe na adabu ya kidini, uisifu nchi na utazame mbele. Kilicholetwa katika awamu ya kwanza hakikuiridhisha kamati. Hapo Kajubi akawageukia watu waliojulikana kuwa na elimu ya muziki, Kakoma na Mbabi-Katana wakiwa miongoni mwao. Mwishoni zikabaki tungo nne, zikapigwa mbele ya mawaziri waliokuwa chini ya Waziri Mkuu Milton Obote, na ya Kakoma ikachaguliwa. Inasimuliwa kwamba aliitunga kwa usiku mmoja tu, na mtu anayejua ilivyo fupi hana sababu kubwa ya kutilia shaka masimulizi hayo.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, katika uwanja wa Kololo, bendera ya Uingereza iliteremshwa mbele ya Mtawala wa Kent aliyemwakilisha Malkia, bendera ya Uganda ikapandishwa, na wimbo ambao miezi michache kabla haukuwapo ukapigwa kwa niaba ya nchi nzima.

Vipande vinane vya muziki

Wimbo huo huitwa kwa Kiingereza “Oh Uganda, Land of Beauty”. Una beti tatu, kila ubeti mistari minne, na muziki wake ni vipande vinane tu vya mapigo, jambo linaloufanya uhesabiwe miongoni mwa nyimbo za taifa fupi kuliko zote duniani. Ndiyo maana katika hafla huimbwa beti zaidi ya moja, maana ukiimbwa mmoja hadhira huwa haijamaliza hata kusimama sawasawa. Ubeti wa kwanza unamwomba Mungu ailinde nchi na kuikabidhi mikononi mwake siku zijazo. Wa pili unaitaja kazi, upendo na urafiki na majirani. Wa tatu unasifu ardhi yenye rutuba na jua, na kuiweka Uganda kama lulu katika taji la Afrika.

Umbo lake ni la wimbo wa kanisa. Lahani hutembea hatua kwa hatua bila kuruka mbali, kila silabi hupata nota yake, na sauti nne hukaa vizuri katika kwaya yoyote ya shule. Hakuna ndani yake mdundo wa ngoma, wala mfululizo wa marimba ya Kiganda, wala kinubi cha kaskazini. Wapo waliolihesabu hilo kuwa upungufu, wakisema taifa la Kiafrika lilipewa wimbo wenye sauti ya parokia ya Kiingereza. Lawama hiyo inastahili kusikilizwa. Hata hivyo inapaswa kupimwa dhidi ya siasa za mwaka 1962.

Uganda ya uhuru ilikuwa muungano wa falme na wilaya zilizotazamana kwa shaka. Buganda ilikuwa na Kabaka wake, bunge lake la Lukiiko na wimbo wake. Ankole, Bunyoro na Toro nazo zilikuwa na wafalme. Lahani ya Kiganda ingesikika upande wa kaskazini kama ushindi wa Mengo, na lahani ya Kiacholi au ya Kilango, katika serikali iliyoongozwa na Mlango, ingesikika Mengo kama uchokozi. Lugha ilikuwa na mtego uleule. Kiganda kisingekubalika nje ya Buganda. Kiswahili, ambacho kilisemwa katika jeshi, polisi, masoko na miongoni mwa jamii za Waislamu wa mijini, kilipingwa kwa nguvu ndani ya Buganda. Kiingereza, lugha ya mtu anayeondoka, ndiyo pekee iliyokuwa ngeni kwa wote kwa kiwango kinachokaribiana. Kilimwondolea mtunzi pia lile tatizo la zamani la toni, kwa kuwa katika Kiingereza lahani haina neno la kuliharibu kwa njia hiyo. Kakoma alitoa wimbo usio wa kabila lolote. Kwa kipimo cha kile alichoombwa, aliifanya kazi hiyo kwa usahihi mkubwa.

Majirani walichukua njia nyingine, na kuzilinganisha kunafundisha. Kenya, mwaka mmoja baadaye, iliunda jopo la watu watano wakiongozwa na Graham Hyslop, wakachukua lahani ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, uliotokana na Mzee Meza Morowa Galana wa eneo la Mto Tana, wakautilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wapokomo ni jamii ndogo, na pengine ndiyo sababu lahani yao haikumtisha mtu. Mmoja wa watano hao alikuwa George Senoga-Zake, mwanamuziki mzaliwa wa Uganda aliyefanya maisha yake Kenya, kwa hiyo mkono wa Uganda umo katika nyimbo mbili za taifa. Tanganyika iliazima lahani ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897, na kuivisha maneno ya Kiswahili. Sontonga alifariki mwaka 1905 bila kuota kwamba kazi yake ingekuwa wimbo wa nchi kadhaa, na kaburi lake lilisahauliwa hadi lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Uganda, suala la lugha ya wimbo halikuishia mwaka 1962. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, lakini maneno ya Kakoma yalibaki katika Kiingereza chake. Katiba ya 1995, katika ibara ya 8, iliendeleza tu alama na wimbo uliokuwapo. Kiswahili kinasikika katika hafla za dola kupitia wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioidhinishwa mwaka 2010, ambao hufuata baada ya ule wa taifa. Wakati huo watu huwa wamekwisha kusimama dakika kadhaa, na wengi wao, kusema kweli, huwa hawaujui kwa moyo.

Shilingi 2,000

Kwa kazi yake Kakoma alipewa shilingi 2,000. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1962 ilikuwa imefungwa na pauni ya Uingereza kwa kiwango cha shilingi 20 kwa pauni moja, hivyo kifuta jasho hicho kilikuwa sawa na pauni 100. Kwa mwalimu wa wakati ule si fedha ya kudharauliwa. Ila ilitolewa mara moja tu, kama ahsante, na historia ya fedha ya Uganda haikuihurumia hata kama angeiweka akiba: katika mageuzi ya sarafu ya mwaka 1987 sifuri mbili ziliondolewa, na shilingi 2,000 za zamani zikawa shilingi 20 mpya, kabla hata ya kutozwa kodi ya ubadilishaji.

Mwaka 2008 Kakoma alifungua shauri Mahakama Kuu ya Kampala dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ndiye mtunzi wa wimbo, kwamba hakimiliki ni ya mtunzi, na kwamba Serikali imeutumia wimbo huo kwa miongo yote hiyo bila kumlipa mirabaha.

Neno mrabaha linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndilo kiini cha shauri. Mtu akijenga nyumba na kuiuza, amemalizana nayo. Mtunzi wa wimbo hauzi kitu cha namna hiyo. Wimbo unaweza kupigwa mara elfu katika mahali elfu kwa wakati mmoja bila kupungua, na sheria ya hakimiliki inamruhusu mwenye haki adai sehemu ndogo ya malipo kila kazi yake inapotumiwa hadharani, inapotangazwa redioni, inapochapishwa au kurekodiwa. Kwa wimbo wa dansi hesabu hiyo inaeleweka. Kwa wimbo wa taifa inatatiza, maana anayeupiga zaidi ni dola yenyewe, katika shughuli ambazo hazimwingizii mtu fedha, na raia huambiwa kuuimba ni wajibu wake.

Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, inatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. La kwanza ni haki za kiuchumi, yaani haki ya kupata fedha kutokana na kazi. Hizi zinaweza kuuzwa, kurithiwa au kuhamishiwa mwingine, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. La pili ni haki za heshima ya mtunzi: kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi, na kuzuia isiharibiwe. Hizo hubaki kwake hata asipokuwa na senti ndani yake. Sheria hiyo inasema pia kwamba kazi iliyofanywa kwa maelekezo au chini ya usimamizi wa Serikali huwa mali ya Serikali kwa upande wa hakimiliki, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo.

Hapo ndipo shauri lilipokazika. Je, mwalimu anayeombwa na mwenyekiti wa kamati alete tungo, naye akaileta, ametunga kwa maelekezo ya Serikali, au ameingia katika mashindano akiwa mtu huru mwenye mali yake? Kama kungekuwa na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, mahakama ingeusoma na kuamua. Lakini kamati za mwaka 1962 zilikuwa na haraka, na waliohusika walifanya kazi kwa moyo wa uhuru. Katika hali kama hiyo ni nani angekaa chini na mwanasheria kugawana asilimia? Miaka 46 baadaye majaji wakaombwa waijaze nafasi ambayo iliachwa wazi.

Wapo waliomwona Kakoma kuwa mzee mwenye tamaa anayetaka kuliuzia taifa wimbo wake lenyewe. Ni hukumu kali isiyomtendea haki. Dai la mtunzi halikuwa kwamba watoto wa shule walipie kuimba. Lilielekezwa kwa dola, iliyoichukua kazi, ikaitumia kwa fahari, na kumwacha mtunzi wake azeeke na ahsante ya mwaka 1962. Kwa upande wa pili, hoja ya Serikali nayo si ya kupuuza. Alama ya taifa inayomilikiwa na mtu binafsi inaweza kuzuiwa na mtu binafsi, na hakuna nchi inayopenda kuwa katika nafasi ya kuomba ruhusa kwa familia moja kila inapotaka kupandisha bendera.

Nchi nyingine zimekutana na jambo hili na kulimaliza bila kufika mbali mahakamani. Mwaka 1970 Serikali ya Kanada iliinunua hakimiliki ya wimbo wake wa taifa kutoka kwa mchapishaji kwa dola moja tu, bei ya heshima iliyowekwa ili kuwe na mauzo kwa mujibu wa sheria. Hispania ilikuwa na shida kubwa zaidi, maana lahani ya wimbo wake wa kifalme ni ya kale lakini mpangilio wa muziki uliotumika rasmi ulikuwa wa Bartolomé Pérez Casas, na haki zake zilikuwa hai. Mwaka 1997 dola ya Hispania ilizinunua kwa mamilioni ya peseta, ikapumzika. Uganda ingeweza kufanya hivyo mwaka 1962 kwa bei ndogo, au baadaye kwa mazungumzo, lakini haikufanya.

Kakoma hakuuona mwisho wa jambo hilo. Alifariki tarehe 8 Aprili 2012, Jumapili ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 88, shauri likiwa bado halijafikia tamati. Wiki tatu baadaye, tarehe 1 Mei, alifariki pia Senteza Kajubi, mtu ambaye alijua kuliko wengine wote nini kilisemwa na nini hakikusemwa kati ya kamati na watunzi. Warithi wa Kakoma waliendelea na madai. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliyatupilia mbali, ikishikilia kwamba mwenye hakimiliki ya wimbo wa taifa ni Serikali ya Uganda.

Watunzi waliofuata

Njia ambayo kizazi cha Kakoma kiliifungua iliendelea, ingawa kwa sura tofauti. Anayejulikana zaidi nje ya nchi ni Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, akasoma utunzi Belfast na kisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, na kufundisha Makerere. Kazi yake kwa wapiga fidla wanne, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba, ilichukuliwa na kundi la Kronos Quartet la San Francisco, ambalo liliweka sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992, pamoja na kazi za watunzi kama Hamza El Din, Foday Musa Suso na Dumisani Maraire. Albamu hiyo ilikuwa ya kwanza kushika nafasi ya juu katika orodha mbili za jarida la Billboard, ya muziki wa kiklasiki na ya muziki wa dunia.

Tofauti kati ya Tamusuza na Kakoma si ya kipaji tu, bali pia ya hali zilizowazunguka. Tamusuza aliziambia ala za Ulaya zicheze kama ala za Kiganda: fidla zinagongwa na kukwaruzwa hadi zinasikika kama marimba na ngoma za nyumbani, na midundo inaingiliana kama inavyofanya katika uwanja wa ngoma Buganda. Wakati wake mtunzi hakuhitaji kuwaridhisha Lukiiko na Baraza la Mawaziri kwa pamoja. Tena albamu hiyo ilitoka katika kampuni ya kurekodi ya Marekani, ambako makubaliano ya haki huandikwa kabla santuri haijatoka kiwandani.

Katika Kampala yenyewe nyimbo za kizazi cha mwanzo bado zina makao. Nyimbo za Kyagambiddwa juu ya Mashahidi zingali katika hazina ya kwaya za Kikatoliki, na Ekitiibwa kya Buganda huimbwa katika hafla za ufalme, baada ya wimbo wa Kakoma. Bendi inapoupiga huu wa pili hakuna anayetangaza jina la mtunzi, na ndivyo ilivyo kwa nyimbo za taifa karibu duniani kote. Lakini uamuzi wa mwaka 2019 ulihusu umiliki. Utunzi ni jambo jingine: chini ya sheria ya 2006 haki ya Kakoma ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga maneno na lahani haiondoki kwa kuwa hakimiliki ni ya Serikali. Lau haki za kiuchumi zingekuwa zake, kwa hesabu ya sheria hiyohiyo familia yake ingeendelea kuzishika hadi mwaka 2062.